Kutumia mashine za umeme nyumbani kwa usalama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tunakodisha na kutengeneza grinda, drili, misumeno na randa za umeme hapa Dar es Salaam. Wengi wanaokuja si mafundi. Ni baba mwenye nyumba anayetaka kutundika rafu, mama anayemalizia banda la kuku, kijana aliyeangalia video usiku na asubuhi yuko mlangoni anataka msumeno. Maswali yao yanafanana, ndiyo maana tumeyaweka hapa. Mtaona tunarudi sana kwenye jambo moja: mashine hutoka kiwandani na kava lake, swichi yake, plagi yake na fyuzi yake, na ile inayoletwa kwetu baada ya ajali mara nyingi imeshanyofolewa kimojawapo.

Fundi wangu hutoa kava la grinda ili aone vizuri anapokata. Kuna ubaya gani?

Grinda ndogo ya kawaida, ile ya jiwe la inchi 4 na nusu (milimita 115), huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Piga hesabu: ukingo wa jiwe unakwenda kwa kasi ya karibu kilomita 240 kwa saa. Jiwe la kukatia ni jembamba, limeundwa kwa chembe zilizoshikiliwa na gundi na wavu, na likibanwa upande hupasuka. Vipande vikiruka vinaondoka kwa kasi hiyohiyo, na kitu pekee kilichopo kati yake na shingo yako ni kava.

Kava halikuwekwa mahali pamoja milele. Legeza kibano chake, lizungushe mpaka likae upande wako wewe unayeshika, kisha kaza. Ukifanya hivyo utaona unapokata bila kulitoa. Na simama pembeni kidogo ya mstari wa jiwe, usisimame nyuma yake moja kwa moja, hasa dakika ya kwanza baada ya kufunga jiwe jipya. Liache lizunguke tupu kwa muda huo kabla ya kugusa chuma. Lenye kasoro mara nyingi hujionyesha hapo.

Jiwe la inchi 7 au 9 linaingia kwenye grinda ndogo nikitoa kava. Linakata nondo haraka zaidi. Nitumie?

Hapana. Mawe mengi ya kukatia ya kawaida yameruhusiwa mwendo wa mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo. Jiwe la inchi 9 (milimita 230) limeandikwa lisizidi mizunguko 6,600 hivi kwa dakika. Ukilifunga kwenye grinda ya mizunguko 11,000, ukingo wake unafika zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Hakuna fundi hodari kiasi cha kulizuia lisipasuke. Namba ya mizunguko iliyoandikwa kwenye jiwe lazima iwe sawa na ile ya kwenye kibati cha mashine, au iizidi. Ikiwa ndogo, lirudishe dukani.

Ile pete ya chuma katikati ya jiwe ina maandishi. Yanahusu nini?

Ni tarehe ya mwisho wa kutumika. Utaona mfano V07/2027, yaani mwezi wa 7 mwaka 2027. Viwanda kwa kawaida huhesabu miaka 3 tangu jiwe litengenezwe, kwa sababu gundi yake huchoka, na hunyonya unyevu likikaa kwenye stoo yenye maji. Nusu ya watu tunaowaonyesha pete hii wanaiona kwa mara ya kwanza. Liweke jiwe mahali pakavu, lilale bapa, na likishaanguka chini kwenye sakafu ya saruji lisirudi kwenye mashine hata kama huoni ufa.

Naweza kufunga msumeno wa mbao wenye meno kwenye grinda?

Tunajua vinauzwa, na tunajua vimejaa mitaani. Sisi hatuvifungi na hatukodishi grinda kwa kazi hiyo. Meno yanaponasa kwenye nyuzi za mbao au kwenye fundo, grinda nzima inaruka kuelekea kwa aliyeishika, na kwa kuwa watu huwa wametoa kava, inakuja na meno yakiwa wazi. Msumeno wa duara wa umeme una kava la chini linalojifunga lenyewe, una sahani ya kukalia juu ya mbao, na unazunguka taratibu zaidi. Ukihitaji kukata mbao, kodi huo, au jigso (msumeno wa umeme wa kisu chembamba kinachopanda na kushuka) kama ni mbao nyembamba. Anayekuambia "mimi nimetumia miaka yote" anasema kweli, ila hilo halibadilishi kinachotokea meno yakinasa.

Na huo msumeno wa duara, niutumieje usinirushie mateke?

Mateke hutokea mbao inapobana kisu. Usiweke mbao kwenye matofali mawili na kukata katikati, kwa sababu itajikunja chini na kubana. Tegemeza pande zote za mkato; kipande kidogo cha mwisho tu ndicho kiachwe kianguke huru. Shusha kisu mpaka kitokeze chini ya mbao kidogo tu, urefu wa jino moja hivi. Usilifunge kava la chini kwa kamba au kabari lisirudi. Tumeshapokea misumeno iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Na usiuweke chini kabla haujasimama kuzunguka.

Glavu nivae au nisivae?

Inategemea mashine, na hapa ndipo ushauri wa mtaani huchanganya watu. Kwenye grinda, glavu za ngozi zinazobana mkono husaidia dhidi ya cheche na chuma chenye makali. Kwenye drili usivae, hasa za kitambaa: drili ikikamata uzi mmoja inavuta glavu, glavu inavuta kidole.

Hali ni hiyohiyo kwa nguo. Kanga iliyofungwa kiunoni, ncha za mtandio, mikono mirefu ya kanzu, cheni ya shingoni, rasta zisizofungwa, vyote vizuiwe kwanza. Mtandio uchomekwe ndani ya blauzi. Na ndala, tafadhali, ziache mlangoni. Kiatu cha kufunika vidole hata kama si cha chuma ni bora mara nyingi kuliko kandambili.

Miwani ya jua inatosha?

Haitoshi. Haifuniki pembeni, na vioo vyake havikutengenezwa kuzuia kipande kinachoruka. Miwani ya fundi ya plastiki inayofunika mpaka pembeni ni bei ndogo. Kwa grinda ongeza ngao ya uso juu yake. Ngao peke yake huacha cheche zipite kwa chini.

Umeme ukikatika katikati ya kazi nifanye nini?

Zima swichi ya mashine na uchomoe plagi, papo hapo, kabla hujatoka kuuliza majirani kama na kwao umekatika. Grinda nyingi swichi yake hujifunga kwenye hali ya kuwaka. Umeme ukirudi baada ya saa 2, mashine uliyoiacha juu ya meza inaanza kuzunguka yenyewe, inaruka sakafuni, na pengine kuna mtoto karibu. Mashine za bei ya juu zina kinga ya kutowaka umeme ukirudi, ila zinazouzwa kwa wingi hazina. Hesabu hata LUKU ikiisha: ukiingiza tokeni, mashine nayo inaingia kazini.

Mashine yangu ina plagi ya pini mbili. Huwa nachomeka kalamu kwenye tundu la juu ndipo inaingia. Ni salama?

Soketi zetu za Tanzania, sawa na za Kenya na Uganda, ni za pini tatu za bapa, na matundu mawili ya chini yana vifuniko ndani. Pini ndefu ya juu, ya athi, ndiyo inayovifungua. Vifuniko hivyo viliwekwa ili mtoto asichomeke msumari. Ukisukuma kalamu au kijiti, unafungua mlango huo kwa nguvu, kisha pini mbili za mviringo zinakaa zimelegea. Zinapolegea zinatoa cheche, soketi inapata moto na kuwa nyeusi. Zaidi ya hapo, plagi ya pini mbili haina fyuzi ndani yake.

Kata plagi hiyo, funga ya pini tatu yenye fyuzi. Waya wa kahawia ndio wa moto, uende upande wa fyuzi. Wa bluu ni nyutro. Wa kijani na njano ni athi. Kwenye waya za zamani nyekundu ni moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni athi. Kama waya una nyuzi mbili tu, angalia kibati cha mashine: ukiona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, mashine imefunikwa kwa insulesheni mara mbili na haihitaji athi. Ukikuta mwili wa chuma, hakuna alama hiyo na athi imekatwa, usiitumie mpaka irekebishwe.

Fyuzi ya plagi inaungua kila mara. Niweke waya wa shaba au karatasi ya pakiti ya sigara?

Fyuzi inayoungua kila mara inakuletea habari. Inawezekana waya umechunika, mota imechoka au umeweka ndogo mno. Kwa umeme wetu wa volti 230, fyuzi ya ampea 13 hubeba mpaka karibu wati 3,000, kwa hiyo inatosha karibu kila mashine ya mkononi ya nyumbani. Ya ampea 3 ni kwa vitu visivyozidi wati 700. Ukiweka karatasi ya sigara, kitakachoungua safari ijayo ni waya wa mashine yako.

Nina breka kwenye ubao wa umeme. Si hiyo inanikinga na shoti?

Hili ndilo swali tunalopenda kulijibu kwa kirefu, kwa sababu wengi hulala usingizi wakiamini hivyo. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Breka ya ampea 20 haishtuki mpaka umeme unaopita uzidi hizo 20. Mwili wa binadamu unaweza kuuawa na umeme mdogo kuliko huo mara mamia, sehemu ndogo tu ya ampea moja ikipita kifuani. Breka haiuoni kabisa. Utabaki umeng'ang'ania drili na taa sebuleni inawaka kama kawaida.

Kinachokulinda wewe ni RCD, ile yenye kitufe kilichoandikwa T. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30, yaani umevuja kupitia kwako kwenda ardhini, inakata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Bonyeza hicho kitufe mara kwa mara. Kikibonyezwa na isizime, imekufa. Nyumba za zamani nyingi hazina, na baadhi zinayo ila kishoka aliifunga pembeni kwa sababu "inasumbua kukata". Inayosumbua kukata mara nyingi imeona uvujaji wa kweli. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aitafute. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki kusikia, kuna RCD za kuchomeka kwenye soketi, na mashine yako unaichomeka juu yake.

Ila ujue kikomo chake: ukishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, RCD haioni tofauti yoyote. Kwa hiyo kuchomoa plagi kabla ya kubadilisha jiwe, biti au kisu kunabaki palepale.

Ekstensheni gani inafaa?

Fupi inayofika, na nene. Angalia maandishi kwenye waya: milimita za mraba 1.5 au zaidi kwa grinda na msumeno. Zile nyembamba za kuchajia simu hupunguza volti, mota inavuta kwa shida, inapata moto na kunuka, na watu wanalaumu mashine. Ya kuviringisha kwenye gurudumu ifungue yote hata kama unahitaji mita 3 tu. Ikiwa imejiviringisha na inabeba mzigo mkubwa, joto halina pa kutokea na plastiki inayeyuka. Na usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni ndani ya ekstensheni.

Nimepata drili ya mtumba ina plagi ya njano ya mviringo.

Hiyo ni ya volti 110, ya kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza. Kule wanatumia transfoma makusudi, iliyopangwa ili kati ya waya na ardhi pawe na volti 55 tu, shoti isiue kirahisi. Ukibadilisha plagi na kuichomeka kwenye 230, itazunguka kwa kelele, itatoa moshi, basi. Za Japani ni volti 100 na za Marekani 120. Nazo zinahitaji transfoma yenye wati za kutosha.

Nikitoboa ukuta nitajuaje kama kuna waya ndani?

Waya kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye swichi na soketi, au kwenda mlalo usawa wake. Kwa hiyo usitoboe juu, chini wala pembeni yake. Upande wa pili wa ukuta nao uhesabu: soketi ya chumba cha pili inaweza kuwa mgongoni mwa rafu yako. Bafuni na jikoni ongeza mabomba. Kifaa cha kutambua waya kinasaidia, ila ukiwa na shaka zima meni swichi na utoboe kwa drili ya betri. Tumia mshikio wa pembeni wa drili kubwa, kwani biti ikigonga nondo ndani ya zege, drili inageuka na kukusokota mkono.

Vumbi ni vumbi tu, au?

Kukata taizi, tofali na zege kunatoa vumbi laini la silika linaloganda kwenye mapafu na haliponi. Kitambaa cha mdomoni hakilizuii. Kata kwa maji kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo (usimwagie maji grinda ya kawaida), au vaa barakoa ya N95 au FFP2 inayobana usoni. Kuna kitu kimoja tusichotaka mkikate kabisa: mabati ya zamani ya asbesto, yale ya kijivu mazito yenye mawimbi kwenye paa za majengo ya kale. Nyuzi zake huleta saratani miaka mingi baadaye. Ongea na wataalamu wa mazingira wa halmashauri.

Masikio nayo?

Grinda inakata chuma kwa karibu desibeli 100. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda hupungua nusu. Kwa 100 unabaki na dakika 15 hivi kwa siku. Nunua vizibo.

Cheche zinaweza kuwasha nyumba?

Zinaweza, na huruka mita kadhaa. Ondoa mtungi wa gesi, petroli ya jenereta, thina, magodoro na maranda. Weka ndoo ya mchanga karibu, kisha rudi kuangalia baada ya nusu saa; cheche hufukuta kwenye maranda kimyakimya. Namba ya Zimamoto ni 114.

Jenereta ikichukua nafasi ya umeme?

Iwe nje, mbali na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu, na hulaza watu wasiamke. Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima: umeme unarudi kwenye nguzo na kumkuta fundi wa TANESCO anayedhani laini imekufa. Chomeka mashine moja kwa moja kwenye jenereta.

Mtu akipigwa shoti au akikatwa, tufanye nini kwanza?

Shoti: usimshike. Zima meni swichi au chomoa plagi; ikishindikana, msukume atoke kwenye waya kwa mti mkavu ukiwa umesimama juu ya kitu kikavu. Akiwa hapumui, mkandamize katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta usafiri. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali, maana moyo unaweza kubadilika mapigo baadaye.

Kukatwa: bana kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu, usiachie kuchungulia, inua mkono. Kidole kikikatika kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie mfukoni mwa plastiki, ndipo mfuko ukae juu ya barafu. Kisiguse barafu chenyewe.

Chuma jichoni: usifikiche, na usikubali rafiki akitoe kwa njiti ya kiberiti au ncha ya wembe. Tunajua hivyo ndivyo inavyofanyika kwenye karakana nyingi, na tunajua mafundi wanaoona kwa jicho moja. Funika na uende kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, maana chuma huacha kutu ndani.

Nikinunua mashine iliyotumika Kariakoo au Gerezani, nikague nini?

Kava lipo na linakaza. Swichi inawasha na kuzima bila kukwama. Waya haujafungwa kwa tepu nyeusi popote, hasa pale unapoingia kwenye mwili wa mashine. Iwashwe mbele yako: cheche kidogo kwenye matundu ya nyuma ni brashi za kaboni, zinabadilishwa kwa bei nafuu, cheche zinazozunguka kama duara la moto ni mota inayokufa. Ikinuka plastiki kabla ya kufanya kazi yoyote, iache. Kibati cha volti kikiwa kimekwanguliwa, iache pia.